Akademi ya kila siku au timu ya shule: ipi inailinda zaidi kinga ya mwili ya kijana wako?

Mzazi mwenye kijana anayejua mpira, mbio au kikapu hapa Dar es Salaam hufika mahali pa kuchagua. Huku kuna akademi inayomtaka kijana karibu kila siku. Kule kuna timu ya shule au ya mtaa, inayokutana jioni chache na kucheza mechi Jumamosi. Kwanza huulizwa ada, nauli, na nani atamwona mtoto akicheza. Suala la afya huja baadaye, mafua yakishaanza kumrudia kijana kila baada ya wiki mbili, na huulizwa kwa woga: kwani mazoezi makali yanaua kinga ya mwili?

Nazilinganisha njia hizi mbili kwa jicho hilo moja. Nimekaa pembeni mwa viwanja vya vijana miaka mingi, na msimamo wangu nausema mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma: ukali wa mazoezi ni sehemu ndogo ya tatizo. Kijana mwenye afya anaweza kujifua kwa nguvu na kinga yake ikabaki imara, mradi analala, anakula na anapata siku ya kupumzika. Kwa hiyo ratiba ichaguliwe kwa kutazama kama nyumbani na njiani panabaki nafasi ya mambo hayo matatu.

Tuchukue ratiba zenyewe jinsi zinavyokuwa mara nyingi. Akademi: jioni sita za saa mbili mbili, mechi ikiwa humo humo, na alfajiri tatu za mbio au mazoezi ya nguvu kwa saa moja moja. Jumla saa 15 kwa wiki. Timu ya shule au ya mtaa: jioni nne za saa moja na nusu, kisha mechi Jumamosi. Jumla saa saba na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali, yaani saa saba kwa wiki. Timu ya shule inafikisha kiwango hicho. Wapo wazazi wanaoiona kama mchezo wa kupitisha muda, lakini kwa afya peke yake inatosha kabisa.

Mwilini, baada ya filimbi ya mwisho

Kijana anapoanza kukimbia kwa kasi, homoni ya adrenalini huzisukuma chembe nyeupe za damu kutoka kwenye bandama, mapafu na kuta za mishipa ziingie kwenye mzunguko. Zinazoongezeka zaidi ni zile zinazoshambulia virusi. Mazoezi yakiwa mazito na marefu, saa moja hadi mbili baada ya kumaliza, idadi ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na virusi, hushuka katika damu chini ya pale ilipoanzia, huku nyutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, zikibaki juu kwa saa kadhaa na kortisoli, homoni ya msongo, ikiwa imepanda. Kwa kawaida mambo hurudi sawa ndani ya siku moja hivi.

Kushuka huko kwa limfosaiti ndiko kulikozaa hofu. Kuanzia miaka ya 1990, Bente Klarlund Pedersen wa Denmark na wenzake walieleza kwamba baada ya mazoezi makali hubaki dirisha wazi, kati ya saa 3 na 72, ambamo virusi hupenya kwa urahisi. Maelezo hayo yalienea hadi kwa makocha wa mitaani. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliyapinga waziwazi: walisema chembe zile hazijafa, zimehamia kwenye mapafu, utumbo na ngozi, sehemu ambazo vijidudu hupitia. Ukikuta kituo cha polisi kina askari wachache usiku, huenda wenzao wako doria.

Mimi naegemea upande wa Bath kwa kijana anayefanya mazoezi ya jioni moja, akala, akalala. Hoja ya dirisha inapata uzito pale mazoezi yanapofuatana kwa karibu. Watafiti wa Norway wakiongozwa na Ola Ronsen walipima wanamichezo waliofanya vipindi viwili vizito ndani ya siku moja, na wakaona kwamba mapumziko mafupi kati ya vipindi yaliongeza msukosuko wa homoni na chembe nyeupe kuliko mapumziko marefu. Sasa weka ratiba zetu hapo. Kijana wa timu ya shule akimaliza Jumatatu saa kumi na mbili jioni, anarudi uwanjani saa 24 au 48 baadaye. Kijana wa akademi anayemaliza saa moja usiku na kuanza tena saa kumi na mbili alfajiri ana saa 11, na humo kuna daladala mara mbili, chakula na masomo.

Kuna habari njema kwa wadogo. Utafiti wa Brian Timmons na wenzake wa Canada kuhusu kinga na mazoezi kwa watoto unaonyesha kwamba, wakilinganishwa na watu wazima, watoto hupata mabadiliko madogo zaidi ya chembe hizo na hurejea hali ya kawaida haraka zaidi. Takwimu nyingi zinazotajwa kuwatisha wazazi zimetoka kwa watu wazima waliokimbia masafa marefu.

Takwimu za mafua, na zinakoishia

Mbili ndizo hutajwa sana. Baada ya mbio za Two Oceans za kilomita 56 jijini Cape Town mwaka 1982, theluthi moja ya wakimbiaji 150 waliofuatiliwa walipata dalili za mafua au koo ndani ya wiki mbili, wakati kwa watu waliokaa nao nyumba moja bila kukimbia ilikuwa asilimia 15 hivi. Baada ya marathoni ya Los Angeles ya 1987, David Nieman na wenzake walipata kwamba asilimia 12.9 ya waliokimbia waliugua wiki iliyofuata, dhidi ya asilimia 2.2 ya wakimbiaji wa kiwango chao ambao hawakushiriki. Humo humo, waliokuwa wakikimbia zaidi ya kilomita 97 kwa wiki walikuwa na uwezekano maradufu wa kuugua kuliko wale wa chini ya kilomita 32. Kutokana na kazi hizo Nieman alichora mchoro wake maarufu wenye umbo la herufi J: asiyefanya mazoezi ana hatari ya kawaida, anayefanya ya wastani inapungua, anayezidisha inapanda juu ya wote.

Sasa tusome kwa makini. Wakimbiaji wale waliulizwa dalili, hawakupimwa virusi. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walipochukua vipimo vya pua na koo kwa wanamichezo waliosema wanaumwa, walipata kijidudu katika matukio 11 tu kati ya 37. Mengine huenda yalikuwa mzio, au njia ya hewa iliyochubuka kwa kuhema kwa nguvu. Mtu aliyewahi kusimama kwenye uwanja wa vumbi wa Dar saa kumi na moja jioni mwezi Januari, na barabara yenye malori pembeni, haoni ajabu. Kijana anakohoa usiku, mama anasema kinga imeshuka, kumbe ni vumbi na moshi. Uwanja wenye nyasi au uliomwagiwa maji kabla ya mazoezi unaweza kusaidia kuliko dawa yoyote ya kikohozi. Hapa akademi yenye uwanja mzuri inaishinda shule nyingi, na ni pointi halali.

Pia hakuna kijana wa miaka 14 hapa anayekimbia kilomita 97 kwa wiki kwa sababu amejiunga na akademi ya mpira. Anayemwambia mzazi kwamba mtoto atakuwa kama wakimbiaji wa Los Angeles anamtisha bure.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa ratiba ya wiki nyingi ni cha mate. Kwenye mate kuna kingamwili aina ya IgA, mlinzi wa kwanza wa mdomo na koo, na wiki za mazoezi mazito mfululizo huweza kuipunguza. Wanamichezo 38 wa mashua za mashindano ya America's Cup walifuatiliwa kwa wiki 50, na IgA yao ilikuwa imeshuka kwa wastani wa asilimia 28 katika wiki tatu kabla ya kuugua. Hao walikuwa watu wazima wa kulipwa, wenye wapishi na madaktari. Ninachokichukua kwao ni muda: kinga ililegea wiki kadhaa kabla ya mafua kuonekana. Mzazi anayesubiri kamasi ndipo apunguze mazoezi anachelewa. Dalili za mapema zipo na hazihitaji maabara. Kijana anakosa hamu ya kula, anakasirika ovyo, anaamka mzito, mapigo ya moyo ya asubuhi yako juu kuliko kawaida yake, na mbio alizokuwa akimaliza kwa urahisi zinamtesa.

Usingizi ndio unaoamua

Mama mmoja alinifuata baada ya mazoezi akiwa na wasiwasi.

"Kocha, huyu mwanangu mafua hayaishi. Nimempa asali, tangawizi, vitamini zote."

"Pole, mama. Anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi. Tunakaa Chanika."

"Na kulala?"

Akafikiri kidogo. "Saa nne na nusu, masomo yakiwa machache."

Hiyo ni saa tano na nusu. Chuo cha Tiba ya Usingizi cha Marekani kinashauri saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na 9 hadi 12 kwa walio na miaka 6 hadi 12. Na uhusiano wa usingizi na mafua ulipimwa kwa njia ya moja kwa moja kuliko ule wa mazoezi. Aric Prather na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti wa watu wazima 164 waliorekodiwa usingizi wao kwa wiki moja, kisha wakatiwa matone ya virusi vya mafua puani na kuwekwa chini ya uangalizi. Waliolala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara nne ya waliolala zaidi ya saa saba. Hakuna utafiti wa mazoezi unaonishtua kama huo.

Ndiyo maana, kwa jiji letu, nauliza anwani ya kijana kabla ya kuuliza kipaji. Akademi iliyopo Oysterbay au Upanga kwa mtoto anayekaa Kinondoni ni ratiba moja. Akademi ile ile kwa mtoto wa Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto au Chanika ni ratiba nyingine kabisa, kwa sababu foleni imekata saa mbili au tatu za kulala. Karatasi ya ratiba haionyeshi tofauti hiyo. Kijana wa timu ya shule anayefika nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni anaweza kulala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu, na saa zake nane zimetimia. Wa akademi ya mbali anaweza kuzipata siku zisizo na alfajiri tu.

Kulala mchana Jumapili kunasaidia, lakini hakulipi deni la wiki nzima. Njia ya kweli kwa anayeitaka akademi ya mbali ni mojawapo ya hizi: kukaa kwa shangazi au bibi aliye karibu siku za wiki, bweni, au kuomba kuondolewa mazoezi ya alfajiri. Hili la mwisho wazazi wengi hawalijaribu. Kocha mwenye busara atakubali akionyeshwa hesabu ya usingizi, maana mtoto aliyelala hujifunza haraka hata uwanjani.

Na bweni nalo lipimwe. Vitanda vilivyobanana, taulo na chupa za maji za kuchangia, ni barabara ya vijidudu. Januari 2024, wakati ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, kila mtu aliona jinsi kitu kidogo kinavyopita mkono kwa mkono. Kambi za kujiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, vijana wanapolala wengi katika darasa moja, zina hatari hiyo hiyo. Kijana mwenye kinga nzuri kabisa huugua akikoholewa usoni usiku kucha. Upande huu, mtoto anayelala kwao anashinda.

Sahani

Mazoezi ya saa 15 kwa wiki yanahitaji chakula zaidi ya ya saa saba na nusu. Ni hesabu ya wazi lakini husahaulika kwenye bajeti, ambamo huandikwa ada, viatu na nauli. Mwili usipopata nishati ya kutosha hubana matumizi, na kinga ni mojawapo ya mambo yanayobanwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililieleza tatizo hili rasmi mwaka 2014 kama upungufu wa nishati unaoathiri homoni, mifupa na kinga, kwa wasichana na wavulana. Kwa msichana dalili kubwa ni hedhi kusimama au kupotea mpangilio. Mama au dada alizungumze naye bila aibu, na apelekwe hospitali.

Vyakula vyenyewe tunavyo. Kabla ya alfajiri, ndizi mbivu mbili au uji. Kwenye mazoezi yanayopita dakika 90, kitu cha sukari kidogo kidogo, kwa mfano ndizi, tende au madafu: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa huzuia kortisoli isipande sana. Ndani ya saa moja baada ya kumaliza, wali au ugali na maharage, mayai, samaki au mtindi. Dagaa, maini, mchicha na maharage kwa madini ya chuma, na chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo huo, kwa kuwa inazuia chuma kufyonzwa. Kijana wa akademi anayeondoka nyumbani tumbo tupu na kukutana na chakula saa nne asubuhi, chai na andazi, hajapata nusu ya anachotumia.

Vitamini za kopo? Katika mbio za Comrades za Afrika Kusini, za kilomita 90 hivi, wakimbiaji waliopewa miligramu 600 za vitamini C kila siku walipata mafua kwa asilimia 33, dhidi ya 68 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini kwa watu wasiofanya juhudi kali namna hiyo, kumeza vitamini C kila siku hakujaonekana kuzuia mafua. Mapera, machungwa na ubuyu vinatosha timu ya shule, na kwa maoni yangu vinatosha akademi pia. Pesa ya kopo inunue mayai.

Homa si uchovu

Hapa sitaki mtu apite haraka. Katika jiji hili homa ya kijana mwanamichezo inaweza kuwa mafua, malaria au dengue, na Dar ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Maneno "amechoka na mazoezi" yamewachelewesha wengi. Joto la mwili likipanda, mazoezi yasimame siku hiyo hiyo na kipimo cha malaria kifanyike zahanati. Hadi dengue iondolewe kwenye orodha, dawa ya maumivu iwe paracetamol peke yake, kwa kipimo chake. Aspirini, ibuprofen na diklofenaki zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, na diklofenaki ndiyo vijana wetu wanayoizoea kwa misuli.

Madaktari wa michezo hutumia kanuni ya shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, kamasi au pua kuziba, bila homa, kijana anaweza kujaribu mazoezi mepesi na kuacha akizidiwa. Zikiwa chini ya shingo, kifua kubana, kikohozi kizito, mwili kuuma, tumbo kuharisha, au kuna homa, anapumzika. Sababu kubwa ni moyo: virusi vinaweza kuleta uvimbe kwenye misuli ya moyo, na mazoezi makali wakati huo huweza kuvuruga mapigo yake na hata kuua. Anarudi pole pole, baada ya angalau saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kama alipata maumivu ya kifua, kuzimia au mapigo ya ajabu, daktari amwone kwanza.

Njia ipi inaliheshimu hili? Nimeona zote mbili zikifanya vizuri na zote zikifanya vibaya. Akademi nzuri ina mtu wa tiba na daftari la afya. Akademi mbaya humwambia kijana kwamba akikosa siku tatu nafasi yake itachukuliwa, naye huficha homa. Timu ya shule mara nyingi haina mtu wa tiba, lakini mwalimu anamjua mama kwa sura na anampigia simu. Wiki za uchaguzi wa UMISSETA tofauti hiyo hufutika, kila upande unasukuma.

Kwa kocha anayeamini kwamba kupumzisha ni kudekeza, kuna utafiti wa Australia wa miaka mitano kwa wanariadha wa kiwango cha juu. Waliotimiza zaidi ya asilimia 80 ya wiki za mazoezi zilizopangwa, bila kukatizwa na ugonjwa au majeraha, walikuwa na uwezekano mara saba wa kufikia lengo lao la mashindano. Siku tatu za kitanda zinazookoa wiki tatu ni sehemu ya mazoezi.

Njia ya tatu ambayo hakuna anayeiandika

Vijana wengi wazuri hawako kwenye moja ya njia hizi. Wako kwenye zote. Saa tisa alasiri mwalimu wa michezo anamhitaji, saa kumi na moja akademi inamhitaji, Jumamosi asubuhi ana mechi ya akademi na jioni kaka za mtaani wamemfuata kwa ajili ya ndondo, michuano ya mpira ya mtaani, kwa sababu bila yeye timu haifungi. Kila kocha anaona saa zake tu. Ukizijumlisha zinapita 20 kwa wiki, hakuna siku ya kupumzika, na hakuna mtu mzima mmoja anayeishika hesabu yote.

Kwa kinga hii ndiyo ratiba mbaya kuliko zote, na naisema bila kusita, mbaya kuliko akademi kali yenye kocha mmoja. Mwongozo wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wa 2016 kuhusu mzigo wa mazoezi unaonya juu ya kupandisha mzigo ghafla na kushauri ongezeko la wiki lisizidi asilimia 10. Kijana wa njia hii ya tatu hupanda kwa asilimia 40 wiki ya ndondo bila mtu kujua. Kipimo kingine rahisi kinatoka kwa Neeru Jayanthi na wenzake wa Chicago, 2015: vijana waliofanya michezo ya kupangwa kwa saa nyingi kwa wiki kuliko miaka yao walikuwa na hatari kubwa zaidi ya majeraha makubwa yanayotokana na kuutumia mwili kupita kiasi. Walipima majeraha, hawakupima mafua, lakini nautumia kama dari ya jumla. Saa 15 za akademi ni nyingi kwa mtoto wa miaka 12, zinamfaa wa 16, na saa 20 hazimfai hata mmoja wao.

Kama huwezi kumzuia kijana kucheza ndondo, na mara nyingi huwezi, basi mechi ya ndondo ihesabiwe, na alfajiri ya Jumatatu ifutwe.

Nani achague nini

Chini ya miaka 14, nachagua timu ya shule au ya mtaa, hata kama akademi imesema mtoto ana kipaji cha ajabu. Kipaji hakitaoza kwa miaka miwili, na usingizi na kukua kwake vinahitaji jioni hizo. Akitaka zaidi, aongeze mchezo mwingine mwepesi kwake, kama kuogelea.

Miaka 15 hadi 18, mwenye kukaa karibu au bwenini kwenye nafasi ya kutosha, anayekula vizuri na anayetaka mwenyewe: akademi, kwa masharti. Iwe na siku moja kamili ya kupumzika, ambayo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hushauri iwe moja hadi mbili kwa wiki, na siku nzito zifuatwe na nyepesi. Ratiba yenye mbio za kasi Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi ni ratiba ya mtu asiyejua kazi yake. Kati ya Desemba na Machi, joto la Dar linapopita nyuzi 31 na hewa imejaa unyevunyevu, kazi nzito isogezwe alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, na dakika zipunguzwe.

Umri huo huo lakini mwenye safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi: timu ya shule siku za wiki, akademi Jumamosi peke yake kama wanakubali. Wengi hukubali wakimhitaji.

Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga, njia zote mbili zipunguze ukali na kusogeza mazoezi karibu na kufuturu au baada yake. Daku isirukwe.

Mwenye pumu aende kokote, mradi dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwa kocha na si kwenye begi lililofungiwa ofisini. Mwenye selimundu asiingizwe akademi bila daktari wake kukubali, maana kinga yake dhidi ya baadhi ya bakteria ni dhaifu tangu utotoni, na juhudi kali, joto na kukosa maji huweza kuleta maumivu makali. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na hali hiyo, kwa hiyo kipimo kimoja cha damu kabla ya kujiunga ni jambo la kawaida kuomba.

Kabla ya kulipa ada, muulize kocha maswali manne na usikilize anavyojibu: siku ya kupumzika ni ipi, anafanya nini kijana akija na homa, anajua saa za mazoezi anazozipata kijana kwingine, na nani anapanga wiki nyepesi baada ya mashindano. Halafu mpe kijana daftari kwa wiki sita, aandike saa alizolala, alichokula kabla ya mazoezi, na siku alizoumwa. Wastani wa usingizi ukibaki chini ya saa nane, toa alfajiri moja, kisha ya pili. Ukigoma kupanda hata hapo, mrudishe timu ya shule muhula huo, na mzungumze tena na akademi mkifunga shule.